Muundo, Klasi na Ngeli: Maelezo kwa Mwanagenzi wa Programu

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayeanza kujifunza uandishi wa programu za tarakilishi hukutana mapema na dhana mbili: muundo na klasi. Kwa kuwa amezoea sarufi, ni rahisi kwake kudhani kwamba klasi ni ngeli kwa jina jingine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ulinganisho huo hufaa kwa kiasi tu. Ngeli hupanga, klasi hupanga na kulinda. Mifano imejikita katika lugha ya C++.

Usuli

Dhana ya klasi ilianzishwa nchini Norwe na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard katika lugha ya Simula 67. Lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie mapema katika miaka ya 1970, ilikuwa na muundo bila klasi. Mwaka 1979, Bjarne Stroustrup alianza kuiongezea C klasi zilizotokana na fikra za Simula, na mwaka 1983 lugha hiyo ikaitwa C++. Ndiyo sababu C++ ina dhana zote mbili.

Muundo

Tuchukue mfano wa chama cha akiba. Kila mwanachama ana jina, nambari na salio. Taarifa hizi zikihifadhiwa mbalimbali, salio la mmoja laweza kuambatanishwa na jina la mwingine. Muundo huzifunga pamoja na kuzipa jina moja, tuseme Mwanachama.

Hata hivyo, muundo wa C ni kama daftari lililoachwa wazi mezani. Sehemu yoyote ya programu inayoufikia yaweza kuandika salio la hasi 500, na tarakilishi isilalamike.

Klasi

Klasi huweka taarifa pamoja na vitendo vinavyozihusu, kisha huamua nani aguse nini. Katika klasi ya Akaunti, salio hufanywa la faragha. Vitendo viwili, weka na toa, huwa vya hadharani. Mwenye salio la shilingi 3,000 akiomba shilingi 5,000, kitendo cha toa hukagua salio na kukataa ombi hilo. Chama kikiamua baadaye kwamba kila mwanachama abakishe angalau shilingi 500, mwandishi wa programu hurekebisha kitendo hicho kimoja, wala hahitaji kupekua programu nzima.

Aidha, klasi yenyewe haina shilingi hata moja. Ni ramani tu. Vitu vinavyoundwa kutokana nayo, yaani akaunti za wanachama mmoja mmoja, ndivyo vyenye masalio.

Ikumbukwe kwamba muundo wa C++, tofauti na ule wa C, waweza pia kubeba vitendo. Tofauti yake na klasi ni ya hali ya awali: sehemu za muundo huwa wazi zisipofichwa, na za klasi huwa za faragha zisipofunguliwa. Mwanagenzi asiihamishie kanuni hii kila lugha. Katika C#, kwa mfano, muundo hunakiliwa unapopewa kigeu kingine, ilhali vigeu viwili vyaweza kurejelea kitu kimoja cha klasi.

Je, klasi ni ngeli?

Zipo sifa zinazofanana. Neno kiboko lina umbo la ki-, lakini twasema kiboko amezama, si kimezama. Ngeli yake hutambuliwa kwa upatanisho wala si kwa umbo. Vivyo hivyo, klasi haitambulikani kwa taarifa zake pekee, bali pia kwa vitendo ambavyo vitu vyake vyaweza kutenda.

Lakini tofauti ni nzito zaidi. Mtoto analia aweza kudunishwa akawa kitoto kinalia. Nomino imehama ngeli. Kitu cha C++ hakihami klasi kikishaundwa. Isitoshe, ngeli haifichi chochote, ilhali faragha ni nguzo ya klasi.

Kwa hivyo, tukiita klasi "ngeli" twaificha nguzo hiyo. "Darasa" huleta picha ya chumba cha wanafunzi, na "tabaka" lahitajika kwa dhana nyingine. Kadhalika, "yambwa" ni ya sarufi; haifai kwa kitu kinachoundwa na klasi. Twapendekeza muundo, klasi na kitu. Istilahi ikipotosha, mwanafunzi huhifadhi neno na kuikosa dhana.

Zoezi

Buni klasi ya Kitabu kwa ajili ya maktaba, yenye anwani na idadi ya nakala zilizopo. Eleza:

1. Ni taarifa ipi iwe ya faragha, na kwa nini?
2. Kitendo cha azima kikague nini ili idadi ya nakala isipungue chini ya sifuri?
3. Ni hatari gani ingezuka iwapo ungetumia muundo wa C badala ya klasi?