Siku Moja Ukambani: Kutoka Makindu Hadi Jiwe la Nzambani

Magari mengi yanayoteremka kwenda Mombasa hupita Makueni mbio. Watoto husinzia kuanzia Sultan Hamud, wakazinduka Mtito Andei, na wengi wanakua wakijua Ukambani ni vumbi lililoonekana dirishani. Hasara hiyo inaepukika. Tangu barabara ya Kibwezi, Mutomo na Kitui itiwe lami, familia inaweza kunywa chai Makindu, kuvuka Mto Athi, na kufika Kitui kabla jua halijazama, siku ile ile. Zamani safari hiyo ilikuwa ya mashimo na vumbi, na mgeni asiye na shughuli huko hakuifikiria.

Ninachokuomba ni kimoja: ipange siku yako kwa kufuata maji. Watu husema Kitui na Makueni hakuna maji. Yapo, ila yamekaa mahali ambapo mpita njia haangalii, na watoto wakishayaona huko hawatalisema eneo hili vibaya tena.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Agosti ndio mwezi wangu. Shule zimefungwa, jua limepoa kidogo, na mito ya msimu imekauka kiasi cha kutembea katikati yake. Januari na Februari zina utamu wake, kwa sababu ndio msimu wa maembe ya Makueni, lakini joto la saa saba mchana huko Ikutha si la kumpeleka mtoto mchanga wala nyanya mwenye presha. Ukiamua kwenda msimu wa maembe, acha barabara kuu ya Mombasa mapema, shika ile ya Machakos, Wote na Makindu, na ununue maembe yanapouzwa kwa ndoo kando ya njia. Chagua yaliyo magumu kidogo. Yaliyoiva kabisa yatakuwa uji ndani ya buti kabla hujafika Mutomo.

Novemba na Desemba nchi inapendeza, mibuyu ina majani na kila kilima ni kijani. Huo pia ni msimu wa mafuriko, na hapa sina mzaha. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba watu waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na Mto Enziu, upande wa Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Mito ya Kitui hujaa kwa mvua iliyonyesha mbali, huku juu yako mbingu ni nyeupe. Ukikuta maji yanapita juu ya barabara, zima gari na usubiri, hata kama wenyeji wawili watatu wamevuka. Kama hayapungui, geuza.

Hatua ya 2: Pakia kwa akili ya nyumbani

Beba lita tatu za maji ya kunywa kwa kila mtu mzima na mbili kwa mtoto, mbali na galoni moja ya kunawa. Beba kofia, leso mbili tatu (moja ya kutandika, nyingine za kujifunika kichwa, utaona sababu yake), dawa ya kufukuza mbu, na viatu vya kufunika vidole. Kibwezi na Mutomo ni nchi ya chini yenye malaria, basi ukilala huko, lala ndani ya neti. Chapati, mayai ya kuchemsha na viazi vitamu vinatosha kuwatuliza watoto hadi chakula cha mchana. Weka pesa taslimu za noti ndogo pamoja na M-Pesa, maana mama anayeuza asali kando ya njia huenda asiwe na chenji. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kuondoka.

Asiye na gari asikate tamaa. Treni ya SGR inayosimama vituo vya njiani huondoka Nairobi asubuhi na kushusha abiria Kibwezi. Hapo familia inaweza kukodi Probox ya siku nzima. Patana bei yote kabla hamjaingia, pamoja na saa za kusubiri.

Hatua ya 3: Chai Makindu, saa mbili asubuhi

Kutoka Nairobi ondoka saa kumi na moja alfajiri. Malori ni mengi, na ukichelewa hadi saa moja utayafuata nyuma hadi Emali. Saa mbili au saa mbili na nusu uwe umefika hekalu la Masingasinga la Makindu. Lilijengwa mwaka wa 1926, enzi ambazo mji huu uliishi kwa reli na Masingasinga wengi walikuwa mafundi wake. Hadi leo hekalu hilo hulisha kila anayeingia bila kumuuliza dini wala kabila, na halimdai senti. Utapewa chai ya maziwa yenye viungo, chapati na dengu.

Waeleze watoto masharti mkiwa bado garini: viatu vinavuliwa, kichwa kinafunikwa kwa kila mtu, mwanamume na mwanamke (ndiyo kazi ya zile leso), na hapaingizwi pombe, sigara wala nyama. Chukua chakula unachoweza kumaliza. Baada ya kula, peleka sahani yenu mnakooshea, na ukiwa na uwezo weka sadaka sandukuni. Kuna pia vyumba vya wasafiri, na familia yenye watoto wadogo ingefanya vyema kufika jioni ya kuamkia safari na kulala hapo, ili siku yenyewe ianze bila uchovu.

Hatua ya 4: Kibwezi, jaza tangi na ukate kushoto

Kibwezi usikae sana. Jaza mafuta, kagua magurudumu, nunua ndizi. Ukiwa na dakika, waonyeshe watoto jinsi miti ilivyo mirefu upande wa msitu. Chini ya Milima ya Chyulu mvua hunywewa na miamba ya volkeno, kisha hutokeza huku chini kama chemchemi, na chemchemi za Umani ndizo zinazolisha msitu wa Kibwezi. Hayo ndiyo maji yenu ya kwanza ya siku. Wamisionari wa Kiskoti waliyafuata wakajenga hapa mwaka wa 1891, malaria ikawaelemea, na mwaka wa 1898 wakahamia Thogoto.

Kisha kata kushoto, uelekee Kitui. Kutoka hapa hadi Kitui mjini ni takriban kilomita 140.

Hatua ya 5: Simama Athi, usiteremke

Mibuyu itaanza kuonekana. Simama kwenye mmoja mkubwa ulio karibu na barabara, mwache mtoto aukumbatie apime mikono mingapi inatosha kuuzunguka. Kwenye baadhi ya mibuyu utaona vigingi vya mti vilivyopigiliwa shinani, kimoja juu ya kingine. Ni ngazi ya wapanda mibuyu, wanaofuata matunda na asali. Gome lake hutoa nyuzi, na viondo vingi vya Ukambani vilisukwa kwa nyuzi hizo kabla ya uzi wa dukani kuingia.

Mkifika daraja la Athi, egesha gari mbali na barabara na mtazame mto mkiwa juu. Usiwaruhusu watoto kuteremka ukingoni, kwa kuwa mto huu una mamba. Maji yake pia yamepokea uchafu wa Nairobi, basi si ya kuoga wala kunywa, ingawa kuna watu huku chini wasio na mengine. Mtoto wa Nairobi anafaa kulijua hilo akiwa bado mdogo: mfereji wa mtaani kwao unaishia kwenye mtungi wa mwenzake.

Mbele ya mto barabara inapanda ukuta mrefu wenye kilele kilichonyooka kama meza. Hiyo ni Yatta. Ni lava iliyotiririka mamilioni ya miaka iliyopita ndani ya bonde la mto wa kale, ikaganda. Ardhi laini ya pande zote mbili ikaliwa na mvua na upepo hadi ikashuka, lava ngumu ikabaki juu. Kwa hiyo mahali palipokuwa sakafu ya bonde ndipo leo palipo mgongo wa nchi, na mgongo huo una urefu wa karibu kilomita 300, mmoja wa mikondo mirefu ya lava duniani. Simama juu, waache watoto waangalie nyuma walikotoka.

Hatua ya 6: Chimbeni maji mchangani

Hii ndiyo hatua ya kupewa muda. Baada ya Ikutha na Mutomo utavuka mito ya mchanga, na mkubwa wao ni Tiva, kati ya Ikanga na Kitui. Wakati wa kiangazi huoni tone, ni mchanga mweupe unaong'aa kutoka ukingo hadi ukingo. Angalia mbingu kwanza. Kama kuna mawingu meusi upande wowote wa juu, pita.

Ukishuka, utakuta watu. Kwa kawaida ni akina mama na vijana, na punda aliyebebeshwa mitungi ya njano. Wasalimie kabla ya yote, uwaulize habari za nyumbani na za mvua, uwajulishe watoto wako. Kisha omba ruhusa ya kutazama. Usitoe simu kupiga picha mpaka ukubaliwe, na ukikataliwa, basi.

Kisima chenyewe ni shimo tu kwenye mchanga, limezungushiwa matawi ya miiba ili mbuzi wasiingie. Mama hupiga magoti, huingiza kata ya kibuyu, huchota polepole ili asivuruge, humimina mtungini kupitia kitambaa. Akichota mara kadhaa maji hukwisha. Anangoja. Pembeni mchanga unatoa jasho, tone kwa tone, na shimo linajaa tena, maji maangavu kabisa. Wageni wasiingize miguu wala mikono humo.

Ombeni mwonyeshwe mahali pengine pa kuchimba, upande wa chini wa mto. Mtoto achimbe kwa mikono. Mchanga wa juu ni wa moto, chini yake ni wa vuguvugu, kisha unapoa na kugeuka rangi, na mahali pazuri kiwiko kikizama tu vidole vinaguswa na maji. Msiyanywe. Fukieni shimo mkimaliza, mbuzi asivunjike mguu.

Sasa waulizeni wenyeji kama kuna bwawa la mchanga karibu. Ni ukuta wa mawe na saruji uliojengwa kuukata mto. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha kati ya chembe zake, jua lisiyafikie, yakadumu miezi baada ya mto kukauka. Shirika la SASOL limejenga na wananchi mabwawa mengi ya aina hii Kitui tangu miaka ya 1990, na Makueni yapo vilevile. Mawe yalibebwa na vikundi vya mwethya, ule ushirika wa Wakamba wa kufanya kazi kwa zamu, na wengi wa waliobeba ni wanawake. Ukiuona ukuta huo utaelewa kwa nini bunge la kaunti ya Makueni lilitunga sheria ya kulinda mchanga mwaka wa 2015. Lori linalozoa mchanga kupeleka mjengoni linaondoka na hifadhi ya maji ya kijiji kizima.

Hatua ya 7: Kitui, chakula kisha jiwe

Fikeni mjini saa nane. Agizeni muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe au mbaazi, pamoja na kuku wa kienyeji kama mna subira. Mkisubiri chakula, wasimulieni watoto habari za Kivoi. Alikuwa tajiri wa Kitui aliyeongoza misafara ya pembe za ndovu hadi Mombasa. Mwaka wa 1849 alimkaribisha Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani kutoka Rabai, na tarehe 3 Desemba Krapf akauona Mlima Kenya kutoka nchi hii. Alirudi mwaka wa 1851 wakaelekea Mto Tana. Msafara ulishambuliwa, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake nyikani na kiu. Alipoupata mto alikunywa, kisha akajaza maji ndani ya mfuko wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki, akaanza kurudi. Mtoto aliyechimba mchanga asubuhi hiyo atalielewa jambo hilo vizuri.

Saa tisa na nusu nendeni Nzambani, mwendo mfupi kutoka mjini. Lipeni kiingilio langoni. Wazee husimulia kwamba anayelizunguka jiwe hilo mara saba hugeuka, mwanamume akawa mwanamke na mwanamke akawa mwanamume. Mwachieni babu au nyanya aisimulie hadithi hiyo, ni haki yake. Ngazi za chuma za kupanda ni za wima: mtu mzima mmoja mbele, mmoja nyuma, watoto katikati, kila mkono kwenye chuma. Mwenye kizunguzungu au magoti mabovu abaki kivulini chini na maji. Juu hakuna kusukumana wala kukaribia ukingo. Mshuke kabla ya saa kumi na mbili, wakati mwanga bado upo.

Laleni Kitui. Kurudi Nairobi usiku na watoto waliochoka, kwenye barabara zenye punda na bodaboda zisizo na taa, si jambo la kujaribu.

Asubuhi nunueni asali na ndengu sokoni. Wanaokaa Thika na Ruiru warudi kupitia Kabati na Matuu. Wengine wapite Kwa Vonza kuelekea Machakos na wasimame Wamunyu, kwa wachonga vinyago. Ufundi huo uliletwa na Mutisya Munge, aliyeuona kwa Wazaramo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia akaja kuufundisha kwao. Keti na fundi akiwa kazini, mwulize mti anaotumia, na umlipe bei anayostahili.