Kuchora Grafu kwa Seva ya Chuo

Mtu afanyaye utafiti katika uwanda huu wa kati, ambako mvua ya mwaka ni takriban milimita 550 hadi 600 na karibu yote hunyesha baina ya Novemba na Aprili, hana budi kuchora grafu, maadamu safu ndefu za tarakimu hazimwambii msomaji ni lini ardhi ilikunywa na ni lini ilishinda na kiu. Nimekuwa nikiwasaidia wanafunzi wa chuo kimoja hapa Dodoma katika shughuli hiyo, na rai yangu, ambayo si wenzangu wote waikubalio, ni kwamba programu ya grafu iwekwe katika seva ya chuo, na kompyuta ya mwanafunzi iachiwe kazi mbili tu: kupeleka amri na kupokea picha.

Programu za kulipia, Origin ikiwa miongoni mwao, ni nzuri na zina madirisha yapendezayo macho. Lakini katika mtandao wa chuo aghalabu huendeshwa kwa leseni zigawiwazo na seva moja ihesabuyo watumiaji, hata nafasi zikijaa aliyechelewa hungoja, na aliyepanga chumba Makulu au Nkuhungu hulazimika kwanza kupitia VPN ndipo leseni imtambue. Gnuplot haina masharti hayo. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1986 kwa mikono ya Thomas Williams na Colin Kelley, hutolewa bure, na licha ya jina lake haina nasaba yoyote na mradi wa GNU. Sifa yake kubwa kwetu ni kwamba yote iyatakayo kutoka kwa mtumiaji ni maandishi, na maandishi hupita hata katika mtandao uliosongwa saa nane mchana.

Kuisakinisha si kazi. Katika seva ya Ubuntu msimamizi wa mtandao huandika “sudo apt install gnuplot-nox”, yaani toleo lisilobeba madirisha, na shughuli imekwisha. Ikiwa msimamizi ana mengi ya kumshughulisha, mtumiaji wa kawaida aweza kupakua msimbo wake, kuufungua katika folda yake mwenyewe, kisha akaandika “./configure --prefix=$HOME/gnuplot”, “make” na “make install”, bila ya kuomba ruhusa ya mtu.

Kompyuta za Windows 10 na za matoleo yaliyofuata zina ssh ndani yake. Fungua dirisha la amri, andika ssh na jina lako la seva, toa nywila, na kabla ya jambo lingine lolote andika “tmux”. Mimi huihesabu amri hii kuwa faradhi, kwa kuwa umeme ukikatika nyumbani au bando likiisha katikati ya kazi, kikao hubaki hai kule kwenye seva, nawe ukirejea huandika “tmux attach” ukakuta kila kitu kama ulivyokiacha. Wako wanaopenda kuongeza -X katika amri ya ssh ili madirisha ya seva yawafuate hadi chumbani. Kwa mtandao mwembamba huko ni kubeba kisima badala ya ndoo ya maji. Ingia katika Gnuplot, andika “set terminal dumb”, nayo itakuchorea grafu kwa herufi na vinyota ndani ya dirisha lile lile la maandishi. Sura yake ni ya kuchekesha, lakini yatosha kukuonyesha kama mstari unapanda pale unapopaswa kupanda.

Mfano nipendao kufundishia ni Makutupora, bonde la visima lililo kaskazini ya mji, ambalo limeinywesha Dodoma kwa miaka mingi. Mwaka 2013 Richard Taylor wa UCL, London, na wenzake, Watanzania wakiwamo, walichapisha katika jarida la Nature Climate Change kumbukumbu ya miaka 55 ya vina vya maji ya bonde hilo, wakabainisha kwamba akiba ile hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa mno, na mkuu wa misimu hiyo ni ule wa El Niño ya 1997–98. Hoja ya namna hii haisomeki ila kwa kuweka mvua na kina cha maji katika picha moja.

Basi tayarisha faili mbili za CSV, moja ya mvua na moja ya kina, tarehe ikitangulia. Hapa ndipo wengi hukwama: Excel, kwa hulka yake, huweza kuigeuza 1998-01-31 ikawa 31/01/1998 bila ya kukuuliza, kwa hiyo ifungue faili kwa “less” uone kilichomo hasa, ndipo uandike “set xdata time” na kuipa “set timefmt” umbo linalolingana, ama “%Y-%m-%d” ama “%d/%m/%Y”. Kisima kisipopimwa kwa miezi kadhaa, acha mstari mmoja mtupu katika faili, na Gnuplot itaukata mchoro hapo. Kuunganisha pengo kwa mstari ulionyooka ni kumzulia msomaji vipimo visivyokuwako. Kwa kuwa kina huhesabiwa kutoka juu ya ardhi kwenda chini, geuza mhimili kwa “set yrange [*:*] reverse”, ili maji yakipanda na mstari upande. Mvua nayo ipe mhimili wa kulia, “set y2range [800:0]”, na uichore “with boxes axes x1y2”: nguzo zitaning'inia kutoka juu kama desturi ya wanahaidrolojia, na chini yake utaona maji yakiitikia, au yakikataa kuitikia.

Ukiridhika, badili terminal iwe “pdfcairo”, taja jina la faili kwa “set output”, uchore tena, kisha uilete nyumbani kwa “scp”. Hifadhi amri zote katika faili moja kando ya data, kwani msimamizi wa tasnifu akitaka miaka miwili iongezwe, utabadili mstari mmoja na kuiendesha upya.