Mchoro wa Umeme wa Moyo na Shinikizo Kubwa la Damu

Kila pigo la moyo hutanguliwa na umeme hafifu unaoenea katika misuli yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, Willem Einthoven wa Uholanzi aliunda chombo cha kuupima umeme huo kutoka juu ya ngozi. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1924. Mawimbi ya mchoro wake aliyaita P, Q, R, S na T, na majina hayo yangali yakitumika. Wimbi P hutokana na vyumba vya juu vya moyo. QRS hutokana na vyumba vya chini. T huonyesha vyumba vya chini vikirejea katika utulivu wa umeme.

Shinikizo la damu likiwa kubwa kwa miaka mingi, chumba cha chini cha kushoto, ambacho husukuma damu mwilini kote, hushindana na upinzani mkubwa. Kama ulivyo mkono wa mhunzi, msuli unaoelemewa hunenepa. Msuli mnene hutoa umeme mwingi zaidi: R hurefuka upande wa kushoto wa kifua, na S huzama zaidi upande wa kulia.

Mwaka 1949 Sokolow na Lyon walitoa kanuni hii: jumlisha kina cha S katika kituo V1 na urefu wa R katika V5 au V6, kwa kuchagua ulio mkubwa. Jumla ikifika milimita 35, unene hushukiwa. Kwa kawaida milimita 10 za karatasi ni sawa na milivolti 1. Mstari baina ya S na T ukishuka, na T ikapinduka katika vituo vya kushoto, hatari huwa kubwa zaidi.

Hata hivyo, kijana mwembamba mwenye afya aweza kupita kiwango hicho, na kwa mtu mnene mafuta ya kifua hupunguza umeme unaofika kwenye ngozi. Kwa hiyo mchoro wa kawaida si ushahidi kamili wa uzima. Shinikizo kubwa mara nyingi halina maumivu. Hujulikana kwa kupimwa mkononi, na matibabu ya mapema yaweza kupunguza unene huo.

Zoezi: S katika V1 ni milimita 16, R katika V5 ni 24, na katika V6 ni 20. Tafuta jumla kwa milivolti. Je, jumla hiyo pekee yatosha kuthibitisha ugonjwa? Toa sababu.