Msaidie Mtoto Asiogope Daktari wa Meno

Watoto wengi hupelekwa kwa daktari wa meno kwa mara ya kwanza baada ya kukesha wakilia kwa maumivu. Wengine tayari wametishwa nyumbani: "Ukisumbua utadungwa sindano!" Mtoto wa namna hii hukataa hata kufungua mdomo. Mzazi au mlezi anashauriwa hivi:

• Mpeleke mtoto akaguliwe kabla hajatimiza mwaka 1, angali hana maumivu, ili apazoee.

• Usimtishe kwa sindano, wala usimdanganye kwamba hatahisi chochote. Mwambie: "Daktari atalilaza jino. Utahisi kama umefinywa kidogo."

• Mwache daktari amwonyeshe kila kifaa kabla ya kukitumia.

• Baada ya sindano, mdomo huweza kuwa na ganzi kwa muda wa saa 2 hadi 4. Mtoto mdogo huweza kuutafuna mdomo wa chini au shavu bila kuhisi, akajijeruhi. Asipewe chakula hadi ganzi iishe, na mtu mzima amwangalie.

Jino likianza kutoboka, usingoje liume. Tundu dogo huzibwa kwa urahisi, na mara nyingine bila sindano.