Shanga: Tuchunguze Uzi Kabla ya Kumlaumu Mwenzetu

Somo kwa vikundi vya akina mama na vijana, pamoja na viongozi wao



Somo letu la leo ni juu ya kazi ya shanga inayofanyika nyumbani, yaani bangili, mikufu na hereni. Wengi wenu mmetuuliza: kwa nini bangili zetu zinakatika? Kwa nini rangi inatoka? Kwa nini tunauza kila juma na hatuoni faida? Tutajibu maswali hayo moja moja. Lakini kwanza tutawasimulia kosa letu wenyewe, kwa sababu ndilo lililotufundisha.

KOSA LILILOTUFUNDISHA

Mwaka 2024 tulikuwa tunafuatana na kikundi cha akina mama 18 katika kambi moja kandokando ya Goma. Walitoka Masisi na Rutshuru. Hawakuwa wa kabila moja, na mwanzoni wengine hawakusalimiana hata kwenye bomba la maji. Kazi ya shanga iliwakalisha kwenye mkeka mmoja. Faida ilikuwa ndogo, lakini ilitosha kununua makala ya siku chache. Na mama aliyenunua makala haendi kutafuta kuni upande wa Hifadhi ya Virunga, ambako wanawake wengi walishambuliwa na kubakwa katika miaka ile. Basi msiseme kwamba bangili ni kitu kidogo.

Siku moja mteja wa mjini, aliyekuwa amenunua bangili 40, alirudisha 11. Zilikuwa zimekatika kabla ya juma moja kwisha. Akasema hataagiza tena. Pale kwenye mkeka maneno yakaanza: "Ni wale wa upande ule. Wanafanya haraka haraka, hawana uchungu na jina letu." Upande ule nao ukajibu. Kufika jioni, mkeka mmoja ulikuwa umekuwa miwili. Mama wawili wakarudi kwenye kuni.

Sisi tulifika na kuitisha mkutano. Tulizungumza juu ya umoja na kusameheana kwa muda wa saa mbili, na hakuna kilichobadilika. Ndipo mama mmoja mzee akasema: "Wanangu, muache maneno kwanza. Mlete zile bangili zilizokatika."

Tukazimwaga kwenye sinia. Kila mama alitambua kazi yake kwa mpangilio wa rangi, na kumbe zilitoka kwenye mikono ya pande zote mbili. Tukaangalia mahali zilipokatikia: karibu zote palepale, kwenye shanga za kioo zenye ukingo mkali. Uzi ulikuwa wa pamba, na wote ulitoka kwenye bobini moja. Nani alileta bobini ile? Ni sisi. Tulikuwa tumetafuta bei ya chini.

Tuliomba msamaha palepale mbele ya wote. Tukanunua uzi wa nailoni, na akina mama wakakubali kurudia zile 11 bila malipo kwa mteja. Sasa tuangalie matatizo yenyewe na dawa zake.

TATIZO LA 1: BANGILI AU MKUFU UNAKATIKA

Sababu ya kwanza ni uzi. Uzi wa pamba unaoza kwa jasho na maji, na unakatwa upesi na kioo. Tumieni uzi wa nailoni, au ule wa kuvulia samaki ulio mwembamba. Kama tundu la ushanga linaruhusu, pitisheni uzi mara mbili.

Sababu ya pili ni ukingo wa ushanga. Kabla ya kutunga, pitisheni kidole taratibu kwenye tundu. Ushanga unaokwaruza au uliopasuka uwekwe pembeni.

Sababu ya tatu ni kukaza mno. Mkufu uliokazwa unasimama kama waya, hauanguki vizuri shingoni, na uzi wake unavutwa kila mara mtu anapogeuka. Kabla ya kufunga, ulazeni mkufu mezani kwa umbo la duara. Ukikataa kukunjika, legezeni kidogo: nafasi ya milimita 1 au 2 inatosha.

Kwa bangili za uzi wa mpira, vuteni uzi huo mara kadhaa kabla ya kutunga. Usipovutwa mwanzoni, utarefuka mkononi mwa mteja, na mapengo yataonekana kati ya shanga.

TATIZO LA 2: FUNDO LINAFUNGUKA

Nailoni inateleza, na fundo la kawaida haliishiki. Fanyeni hivi: mnapofunga mara ya kwanza, zungusheni uzi mara mbili badala ya mara moja, ndipo mkaze. Kisha fungeni mara ya pili kwa kuelekea upande mwingine. Wekeni tone dogo la gundi au la rangi ya kucha, subirini likauke, halafu ingizeni fundo ndani ya tundu la ushanga mkubwa. Msikate ncha za uzi karibu sana na fundo kabla gundi haijakauka.

Wengine wanachoma ncha za nailoni kwa kiberiti ili ziyeyuke. Inafaa, lakini moto usikaribie fundo lenyewe. Uzi wa mpira msiuchome kabisa.

TATIZO LA 3: KAZI INATOKA IMEPINDA

Hapa mara nyingi kosa ni kuchanganya shanga zisizolingana. Mkinunua, angalieni namba. Kwa shanga ndogo za kioo, namba ikiwa kubwa, ushanga ni mdogo: namba 11 ina upana wa karibu milimita 2, namba 8 karibu milimita 3, na namba 6 karibu milimita 4. Hata katika mfuko mmoja kuna nene na nyembamba. Mwagieni kidogo kwenye sinia na mchague kabla ya kuanza. Dakika kumi za kuchagua zinaokoa saa nzima ya kufumua.

Kuhusu urefu, msikadirie kwa macho. Pimeni kifundo cha mkono kwa kamba na muongeze sentimita 1 au 2. Mkufu unaokaa chini kidogo ya koo la mtu mzima huwa na sentimita 40 hadi 45. Kikundi kiwe na kamba moja yenye alama, na wote wapimie hiyo hiyo.

TATIZO LA 4: RANGI INATOKA

Kuna shanga ambazo rangi iko ndani ya kioo chenyewe, na kuna nyingine zilizopakwa tu juu. Kwa macho zinafanana. Kabla ya kununua nyingi, nunueni chache mzijaribu. Wekeni shanga kumi katika kikombe cheupe chenye maji ya sabuni, zilale usiku mzima. Wekeni nyingine kumi juani kwa juma moja. Maji yakibadilika rangi, au zile za juani zikipauka, msizitumie kwa bangili, kwa sababu mkono unaoshwa kila siku. Labda zifae kwa hereni.

Wale wanaotengeneza shanga za karatasi kutoka kwenye kalenda na magazeti ya zamani, adui yenu ni unyevu. Kunjeni karatasi kwa nguvu, gundi ifike hadi kwenye ncha, ziacheni zikauke kabisa, kisha pakeni verni mara mbili au tatu. Kila mara subirini ile ya kwanza ikauke. Ushanga wa karatasi uliopakwa verni ungali na maji ndani utavimba na kufunguka.

TATIZO LA 5: SHANGA ZINAPOTEA, MACHO YANAUMA, WATOTO WANACHEZEA

Tandikeni kipande cha blanketi ndani ya sinia. Shanga zikimwagika juu ya blanketi hazikimbii. Kitambaa chenye rangi moja kinasaidia macho pia. Fanyeni kazi mchana, karibu na mlango. Kila baada ya nusu saa simameni, mtazame mbali, mnyooshe mgongo. Kazi ya usiku kwenye mwanga wa tochi inaleta makosa mengi ambayo asubuhi mtayafumua.

Watoto walio chini ya miaka mitatu wasikae karibu na sinia. Ushanga unaweza kumkaba mtoto, au kukwama puani au sikioni. Mkimaliza, mfuko ufungwe na utundikwe juu. Kama ushanga umeingia puani au sikioni, msiutoe kwa kijiti, maana utazidi kuingia. Mpelekeni mtoto kwenye kituo cha afya.

TATIZO LA 6: TUNAUZA, LAKINI HATUONI FAIDA

Katika karne ya 19, sokoni Ujiji, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, shanga zilizoitwa sofi ndizo zilikuwa pesa: mtu alinunua nazo chakula. Hata leo kila ushanga ulio kwenye sinia ni pesa. Basi tuzihesabu.

Tuchukue mfano tu, kila kikundi kiweke bei za soko lake. Shanga, uzi na kifungo: franka 1,000. Kazi ya saa mbili, tukiweka franka 750 kwa saa: 1,500. Usafiri na mfuko: 300. Akiba ya kikundi: 200. Jumla ni franka 3,000. Mama anayeiuza kwa 1,500 anafurahi kwa sababu ameshika pesa, lakini amelipwa franka 200 kwa saa mbili za macho yake. Anayeiuza kwa 1,000 amefanya kazi bure. Na akishusha bei peke yake, anaharibu soko la wenzake wote. Hapo ugomvi mwingine unaanza.

Kwa hiyo bei ikubaliwe na wote na iandikwe katika daftari. Sanduku la pesa liwe na makufuli matatu, na funguo zikae kwa watu watatu wa familia tofauti. Pesa zihesabiwe mbele ya wote, kwa sauti.

NENO KWA VIONGOZI

Wapendwa viongozi, tumejifunza kwamba ugomvi mwingi wa vikundi hauanzii kwenye chuki. Unaanzia kwenye uzi mbovu, bei isiyoeleweka, au daftari lisiloonyeshwa. Kisha chuki ya zamani inakuja kukaa juu yake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunawaomba mfuate hatua hizi nne kazi inapoharibika:

1. Kabla ya kutaja jina la mtu au la kabila, wekeni kitu chenyewe kilichoharibika mbele ya wote.
2. Ulizeni: kimeharibika wapi, kwa nini, na vifaa vilitoka wapi?
3. Mwenye kosa akubali, hata kama ni kiongozi, hata kama ni shirika lililoleta msaada.
4. Amueni pamoja jinsi ya kutengeneza, na ni nani atamjibu mteja.

Kama kosa ni la mtu mmoja kweli, afundishwe. Asikaripiwe kwa niaba ya watu wote wa kwao.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

- Ni mara ngapi tumesema "wale" kabla hatujachunguza?
- Bangili yetu ya mwisho iliyokatika, ilikatikia wapi?
- Nani kati yetu anajua bei halisi ya kutengeneza mkufu mmoja?
- Sisi viongozi, ni kosa gani letu ambalo tumeliacha libebwe na wengine?

MWISHO

Mwezi wa pili 2025 kambi za kandokando ya Goma ziliachwa na kubomolewa, na familia zikatawanyika kwa siku chache. Akina mama wa mkeka ule nao walitawanyika. Mahema hayakubebeka yote, lakini sinia, sindano na bobini ya nailoni viliingia katika mfuko mmoja. Baadhi yao tumewaona tena, kila mmoja mahali pake, akitunga na akifundisha jirani aliyemkuta huko. Mmoja alituonyesha bangili, akaivuta mbele yetu kwa mikono miwili, kwa nguvu, akitutazama usoni.

Haikukatika. Tukacheka wote, na sisi zaidi kuliko yeye.

Tunawatakia kazi njema na amani nyumbani.