Mtoto Akiachishwa Ziwa: Kopo au Ng'ombe?

Kwenye vilima vya Ryansoro, mkoani Gitega, Burundi, swali hili huja mara nyingi mama anapopata mimba nyingine. Mtoto ana miezi 10, mama mkwe anashikilia kwamba maziwa ya mjamzito yanamdhuru anayenyonya, dukani kuna kopo, kwa jirani kuna ng'ombe. Kabla ya kuchagua, hakikisha kwanza kwamba ni lazima mtoto aache ziwa. Mimba haiharibu maziwa. Mama mwenye afya, ambaye mimba yake inakwenda vizuri, anaweza kuendelea kunyonyesha mradi ale zaidi. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI na anayemeza dawa zake bila kukosa naye hushauriwa anyonyeshe angalau miezi 12, na anaweza kufika miaka 2 na zaidi. Anayewahi sokoni akamue maziwa kwenye kikombe safi chenye kifuniko, kikae mahali pa baridi, na mtoto ayanywe ndani ya saa 4.

Ikiwa kuacha hakuepukiki, kinachoamua ni umri wa mtoto.

Chini ya miezi 6, usimpe maziwa ya ng'ombe kabisa. Protini na chumvi zake ni mzigo kwa figo changa, madini ya chuma ni machache, na utumbo unaweza kuvuja damu kidogo kidogo usione chochote kwenye nepi. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo uelekezwe.

Kati ya miezi 6 na 12, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unakubali yote mawili, maziwa ya kopo ya watoto wachanga au maziwa ya mnyama. Kwangu mimi kopo ndilo bora, kwa kuwa limeongezwa madini ya chuma, lakini kwa mwenye uwezo wa kulinunua mpaka mwisho. Piga hesabu kabla ya kufungua la kwanza: mtoto anayekunywa mililita 600 kwa siku anamaliza karibu gramu 80 za unga, kwa hiyo kopo la gramu 400 linakwisha siku ya 5. Hayo ni makopo 6 kwa mwezi. Mama anayemudu mawili ataanza kupunguza vijiko ili unga usogee, na mtoto atashiba maji huku anakonda. Huyo ni heri achukue maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, yasiyotiwa maji.

Ukichagua kopo, maji yachemke, kisha uyatumie kabla ya nusu saa kupita, yangali moto wa kuua vijidudu vilivyomo kwenye unga wenyewe. Poza, mnyweshe kwa kikombe, kwani chupa na chuchu yake ni vigumu kusafisha vizuri. Yaliyobaki baada ya saa 2 mwaga. Na tafadhali, maziwa ya unga ya kutia kwenye chai si maziwa ya watoto wachanga, hata kama kopo linafanana.

Akitimiza mwaka, kopo halina kazi tena. Hata yale yanayouzwa kwa jina la maziwa ya kukuzia watoto, mwongozo huo huo hauyapendekezi. Fedha hiyo nunua mayai na ndagala.

Maziwa ya ng'ombe yanayopita asubuhi kwenye baiskeli, ndani ya kidumu cha plastiki, yanaweza kubeba kifua kikuu na homa ya brusela, hata kama ng'ombe anaonekana mzima. Yaweke motoni, koroga, subiri yafure na kupanda hadi ukingoni mwa sufuria, punguza moto, yaache yatokote kidogo tena. Watu wengi huipua yanapoanza tu kutoa moshi na utando juu, hapo bado. Funika. Bila friji, nunua ya siku moja, na jioni yachemshe upya. Ukitaka kumpa mtindi, gandisha maziwa yaliyokwisha kuchemshwa.

Kiasi nacho kina mpaka. Baada ya mwaka, mililita 300 hadi 500 kwa siku zinatosha kwa mtoto asiyepata nyama, samaki wala mayai. Anayevipata zinamtosha 200 hadi 400. Anayebugia lita nzima hana nafasi ya chakula, na maziwa mengi huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Kwa hiyo mpe maziwa mbali na saa ya mlo, na sahani iwe na maharage yaliyopondwa, lengalenga, ndagala waliosagwa, maini yakipatikana, pamoja na kipande cha chungwa au papai kusaidia chuma kuingia mwilini. Chai usimpe, hata ya maziwa. Burundi, utafiti wa afya wa kitaifa wa 2016-2017 ulikuta asilimia 56 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, na sahani ya ugali mtupu ina sehemu kubwa katika hilo.

Katika wiki za kwanza baada ya kuacha ziwa, mtazame viganja na ndani ya kope. Vikipauka, au akiharisha damu, au akilegea na kukataa kunywa, usingoje siku ya kliniki. Matibabu ya watoto wa chini ya miaka 5 ni bure katika vituo vya serikali tangu 2006. Nenda, na umweleze muuguzi maziwa gani unampa na unayatayarishaje.