Sefti ya Bunduki ya Bolti: Kagua Mwenyewe, Marekebisho Mwachie Fundi

Sefti ni kipande kidogo cha chuma, na kama chuma chochote huchakaa, hushika kutu na hujaa vumbi. Mwenye bunduki ya kuwindia anapaswa kujua inavyofanya kazi, namna ya kuikagua, na dalili zinazomtaka aiweke bunduki kando hadi fundi aione.

Inavyofanya kazi

Ukivuta bolti na kuirudisha, pini ya kupigia hubaki nyuma na springi yake imebanwa. Kinachoizuia isiruke ni kishikizo kidogo cha chuma. Ukibonyeza triga, kishikizo huachia, na pini huenda mbele ikagonga kitako cha risasi.

Sefti hukatiza safari hiyo kwa njia tatu. Kuna inayofunga triga peke yake, kuna inayokamata kishikizo, na kuna inayoishika pini yenyewe. Hii ya tatu ndiyo ya kuaminika zaidi, kwa kuwa pini haina njia hata triga ikiharibika. Ndiyo iliyomo katika Mauser 98 ya Ujerumani na Winchester 70 ya Marekani, iliyoanza kuuzwa miaka ya 1930. Zote mbili zina nafasi tatu, na ile ya katikati huizuia pini huku bolti ikifunguka. Kwa hiyo unaweza kutoa risasi bila kuondoa sefti.

Si bunduki zote zina nafasi hiyo. Katika Remington 700 zilizotengenezwa kabla ya 1982, sefti ilifunga na bolti pia, na mwenye bunduki alilazimika kuiondoa ili atoe risasi. Nayo Brno ZKK 602 ya zamani, iliyotumiwa sana na wawindaji wa nyati Afrika, hufunguliwa kwa kuvuta sefti nyuma, kinyume na nyingi nyingine. Ukiazima au kununua bunduki usiyoizoea, jifunze kwanza upande wa kufunga na upande wa kufungua.

Ukaguzi wa nyumbani

Toa risasi zote, chomoa magazini, kisha angalia ndani ya chemba kwa macho na uiguse kwa kidole. Peleka risasi chumba kingine. Elekeza mtutu mahali ambapo hakuna mtu hata nyuma ya ukuta. Halafu fuata hatua hizi:

1. Funga bolti ili bunduki ijikoki, kisha weka sefti. Inapaswa kuingia mahali pake kwa mlio mdogo au mshiko unaousikia kidoleni.
2. Bonyeza triga kwa nguvu, kisha iachie. Pini isiruke.
3. Ondoa sefti bila kugusa triga. Pini isiruke. Hatua hii ndiyo muhimu kuliko zote.
4. Sasa bonyeza triga. Pini iruke.
5. Koki tena, weka sefti, kisha gonga kitako kwa kiganja mara kadhaa. Pini isiruke.
6. Ondoa sefti, fungua bolti na uifunge kwa haraka mara kadhaa. Bunduki ibaki imekokiwa kila mara.

Ikishindwa hata mara moja, haifai kutiwa risasi. Usijipe moyo kwamba majaribio mengine tisa yalikwenda vizuri.

Dalili na sababu zake

*Sefti ngumu.* Mara nyingi ni mafuta yaliyoganda, vumbi au kutu. Wakati mwingine ni mbao ya kitako iliyovimba kwa unyevu ikaanza kusugua sefti. Tazama kama mbao ina alama ya msuguano.

*Sefti haiingii.* Kwanza hakikisha bunduki imekokiwa, kwani nyingi hazikubali kufungwa kabla ya hapo. Ikiwa imekokiwa na bado inakataa, huenda sehemu zimechakaa au triga imechezewa.

*Sefti imelegea.* Springi ndogo inayoishikilia huenda imechoka au imevunjika. Sefti ya namna hii inaweza kufunguka yenyewe ikikwaruzwa na matawi.

*Pini inaruka sefti inapoondolewa.* Hii ndiyo hatari kubwa. Maana yake triga ilipobonyezwa haikurudi mahali pake, na sefti pekee ndiyo iliyokuwa imeizuia pini. Chanzo huwa uchafu, kutu, kuchakaa au skrubu za triga zilizorekebishwa vibaya. Wakati mwingine kosa ni la kiwandani. Mwezi Aprili 2014 Remington iliziita zirudi Model 700 na Model Seven zenye triga ya X-Mark Pro, zilizotengenezwa kuanzia Mei 2006 hadi mwezi huohuo, ikieleza kwamba gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha triga ingeweza kuifanya bunduki ifyatuke yenyewe.

Kazi yako na kazi ya fundi

Kusafisha ni kazi yako. Futa vumbi, ondoa mafuta ya zamani kwa kiyeyusho cha bunduki, kausha vizuri, kisha pakaza mafuta mepesi kidogo tu kwenye bolti. Usimimine mafuta ndani ya triga: yatakusanya vumbi na kuganda, na tatizo litarudi.

Skrubu za triga, kupiga tupa kishikizo, kukata springi na kubadilisha sefti ni kazi ya fundi wa bunduki mwenye leseni. Mwindaji anayetaka triga laini hupunguza sehemu inayokamatana ndani, na chuma kinachobaki kinaweza kuachia kwa mshtuko mdogo. Hata sefti mpya ya Mauser, inayofungwa ili ile ya zamani isigonge darubini, inahitaji kupimwa na kulinganishwa kwa mkono.

Porini

Usipande gari, usivuke kijito wala usipande mti ukiwa na risasi ndani ya chemba, hata kama sefti imewekwa. Ondoa sefti pale tu mnyama yuko mbele yako na umejua kilicho nyuma yake. Unapotoa risasi, mtutu uelekee ardhini au mahali pengine salama. Sefti nzima hupunguza hatari, lakini kinachookoa maisha siku itakapoharibika ni mtutu usioelekezwa kwa mtu.